Namna ya Kucheza Gemu ya Hadithi ya Kijapani Ukiwa na Mzee Pembeni

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi, na sisi tulikulia kwenye vinyumba vya mabati ambako Mteso, Mwacholi, Mlugbara na Msamia walikutana bombani kila asubuhi, na lugha ya kugombania foleni ya maji ilikuwa moja tu, Kiswahili. Baba alipostaafu tukarudi Busia, upande wa Uganda. Mimi nikaweka meza ya mivumba, nguo za mitumba, soko la Sofia, yeye akabaki nyumbani na redio yake. Macho yakaanza kumchoka, na Kiingereza chake, ambacho tangu zamani kilikuwa cha kuandikia ripoti tu, nacho kikachoka.

Mwaka huohuo nikanunua PlayStation 2 ya mtumba kwa kijana aliyekuwa anafunga kibanda chake cha gemu. Shilingi 150,000, pedi mbili, disiki tano. Nne zilikuwa za mpira. Ya tano ilikuwa Final Fantasy X, yaani ya kumi, haina hata kava, na kijana akaniambia, "Hiyo dada wala usihangaike nayo, watu wanaongea tu."

Hiyo ya watu wanaongea tu imetuchukua miezi saba, mimi na Mzee. Wenzangu sokoni wananiuliza inachezwaje gemu ya saa hamsini yenye Kiingereza kingi, umeme wa kubahatisha, na mtu wa miaka sabini anayeuliza maswali. Basi nitaeleza tulivyofanya sisi.

Namba zisikutishe

Wengi wanakwama hapa kabla hata ya kuwasha. "Nianzeje na ya kumi wakati sijaona tisa za kwanza?" Anza tu. Final Fantasy ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na tangu hapo karibu kila namba ni dunia yake, watu wake, mwanzo na mwisho wake. Watu wa ile ya saba, ya mwaka 1997, hawajuani kabisa na watu wa hii ya kumi, ya mwaka 2001. Kinachorudi ni vitu vya ukoo: ndege wakubwa wa manjano wanaopandwa kama farasi, majina ya uchawi, jina la Cid. Ukoo mwingine wa gemu hizi, Persona, nao ni hivyohivyo: Persona 4 unaweza kuicheza bila kuigusa Persona 3.

Ila kuna mbili za kuangalia. Final Fantasy X-2 ni mwendelezo wa X moja kwa moja, ukianza nayo utajiharibia yote. Na gemu nyingine, Trails in the Sky ya kampuni ya Nihon Falcom, lazima uanze na ya kwanza, kwa sababu ya pili inaendelea palepale ile ya kwanza ilipokuacha mdomo wazi.

Kwa mtu mwenye msikilizaji nyumbani, mimi nasema anza na X. Ndiyo ya kwanza katika ukoo wake ambayo watu wanazungumza kwa sauti, si maandishi matupu. Mzee hakujua maneno, lakini sauti ya mtu anayejikaza asilie haihitaji mkalimani. Chrono Trigger ya mwaka 1995 ni tamu, na siku hizi unaipata kwenye simu, lakini pale utasoma kila neno mwenyewe. PSP, mashine ndogo ya kushika mkononi, nayo ni nzuri kwa mtu wa peke yake: umeme ukikatika betri ipo, ukiitwa na mteja unasukuma swichi inalala, ukirudi unaiamsha palepale ulipoiacha. Lakini kioo kile watu wawili watagongana vichwa.

Umeme na kusevu

Kabla hujachomeka chochote, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani inataka 100, ya Marekani 120, na mitumba haina kabila, inatoka popote. Kama kibandiko hakitaji 220 hadi 240, tafuta transfoma kwanza. Ukichomeka hivihivi utasikia harufu, na hadithi yako itakuwa imeishia hapo.

Gemu hii haikuruhusu kusevu popote. Njiani kuna tufe linalong'aa, unaligusa, linahifadhi na kuwaponya wote kwa wakati mmoja. Sheria ya nyumba yetu: ukiliona, liguse, hata kama uliligusa lingine dakika tano zilizopita. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, haipigi hodi ikiisha. Mimi nilijifanya jeuri mara moja nikalipita nikiwahi kuona kilichoko mbele, umeme ukaenda, na saa nzima ya usiku ule ikaenda nao.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la kadi. Kadi ya asili ya PS2 ni ya megabaiti 8, mimi nikauziwa dukani ingine "kubwa zaidi, ya kisasa". Tulipofika saa ya kumi na moja ya gemu ikajifuta yote, tupu kama ilivyotoka kwenye pakiti. Duka silitaji. Nilikaa chini na pedi mkononi, sijui nitamwambiaje Mzee. Akauliza, "Jalada limepotea?" Nikasema limepotea, afande. "Likipotea kituoni linaandikwa upya. Anza." Tukaanza upya. Na nikwambie ukweli, ile safari ya pili ndiyo iliyonifundisha kusimulia, maana sasa nilijua kila mtu anakwenda wapi. Kwa hiyo kadi ya asili, hata iliyochubuka, na ukiweza ziwe mbili.

Kuwa VJ

Aliyekulia Uganda hahitaji kuelezwa VJ ni nani. Unalipa mlangoni mwa kibanda cha video, unakaa kwenye benchi la mbao gizani, filamu ya Kichina inaendelea, na juu yake sauti ya mtu mmoja inakuambia kwa Kiganda nani kasema nini, nani mwongo, nani atakufa kabla ya jua kuzama. VJ Jingo hakuwa anatafsiri. Alikuwa anasimulia, na filamu ilikuwa kama inamsindikiza yeye. Siku nilipoelewa hilo ndiyo gemu ilipotufungukia.

Mwanzoni nilikuwa natafsiri neno kwa neno kama niko mahakamani. Mzee akasinzia. Kwenye X, mazungumzo yenye sauti hayakusubiri, yanakwenda kwa mwendo wake, kwa hiyo una muda uleule alionao anayeongea. Chukua nia, acha maneno. Mtu akisema sentensi tatu za kuzungukazunguka kumbe anaogopa, wewe sema, "Huyu anaogopa." Watu wa vijijini na masokoni ndio maandishi yao yanasubiri ubonyeze. Hapo pumzika, kunywa chai, wasome polepole.

Kisha kila mtu mpe sauti ya mtu mnayemjua. Auron, yule mzee wa upanga na jicho moja, kwetu ana sauti ya inspekta mmoja wa kambini ambaye kwa wiki nzima alikuwa akisema maneno kumi. Wakka ni kapteni wa timu ya kijijini inayofungwa kila mwaka na bado anavaa jezi kwa maringo, na sisi wa Busia watu hao tunao. Lulu, anayepigana kwa vidoli, ni metroni wa bweni. Kimahri haongei karibu kabisa. Mshukuru, anakupumzisha koo.

Jina la shujaa unaandika mwenyewe mwanzoni kabisa. Jina lake la kiwandani ni Tidus, ila kwa kuwa mchezaji anaweza kulibadilisha, waigizaji hawalitamki hata mara moja, wanasema "wewe" na "yule" hadi mwisho. Kwa VJ hiyo ni zawadi. Nilimwambia Mzee kijana anatafuta jina, na kwamba kazi yake ni kucheza mpira ndani ya maji. Akashangaa nauliza nini. "Mtoto wa maji ni Wafula." Basi Wafula akawa Wafula, na nywele zake za manjano hivyohivyo.

Maneno mazito yachagueni pamoja, kwa sababu neno moja baya linapotosha gemu nzima. Yuna anaitwa kwa Kiingereza mtu wa kuita, anayeomba hekaluni na kuita majitu makubwa ya kumsaidia. Nilijaribu "mganga". Mzee akawa anatafuta kibuyu. Nikaacha, nikatumia "mwitaji". Wale sita wanaomlinda niliwaita walinzi, naye akanikosoa papo hapo: "Hao si walinzi, mlinzi anakaa getini. Hao ni eskoti." Tangu siku hiyo alikuwa anakagua jinsi walivyosimama kila pambano, akilalamika kwamba mheshimiwa hawekwi kulia bila mtu wa nyuma.

Na kuna lile dubwana linalotoka baharini kubomoa miji. Jina lake ni Sin. Mimi kwa uvivu nikaliacha vilevile, Mzee akawa ananiuliza, "Sinia gani hiyo?" Jioni ya tatu nikalisema kwa Kiswahili: Dhambi. "Dhambi inakuja, kimbieni!" Akaweka kikombe chini. Maana makuhani wa kule wanafundisha kwamba Dhambi imeletwa na makosa ya watu, hasa kiburi cha kutumia mashine, na itaondoka watu wakishatubu kabisa. Inauawa, inarudi. Inauawa, inarudi. Mzee wa kanisa akiambiwa kwamba Dhambi imeuawa mara kadhaa na kila mara inarudi, hasinzii tena.

Waal Bhed, kabila moja la dunia ile, wana lugha yao ambayo mwanzoni hata mchezaji haielewi. Unaokota vitabu njiani, vipo 26, kila kimoja kinakufungulia herufi moja, na maandishi yao yanaanza kusomeka kidogokidogo. Wengine wa dunia ile wanawadharau, wanasema ni wapagani wa mashine. Hapa sikutafsiri sana. Nilimkumbusha tu Mzee jinsi tulivyokuwa tukiongea Kiswahili kwenye teksi Kampala na watu wakashika mifuko yao, kwa kuwa wakati ule kilikuwa lugha ya askari na wezi. Akacheka hadi akakohoa. Akasema hivyo vitabu viokotwe vyote.

Pale Kilika

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo utajua kama msikilizaji wako atabaki au ataomba urudishe taarifa ya habari. Ni mapema tu, saa chache tangu mwanzo, kwa hiyo sikuharibii.

Meli inafika bandari ya Kilika ikakuta Dhambi imeshapita. Nyumba za mbao juu ya maji zimekuwa kuni. Maiti zimefungwa vizuri, zimezamishwa karibu na gati, ndugu wamesimama wanalia. Yuna anavua viatu, anatembea juu ya maji, anaanza kucheza polepole na fimbo yake, na roho zinatoka majini kama vimulimuli, zinapanda. Lulu anamweleza Wafula kwamba wafu wasiposindikizwa hivyo wanabaki wanawaonea wivu walio hai, na ule wivu unawageuza kuwa majinamizi yanayozurura porini.

Sikuongea. Nilisema tu mwanzoni, "Anawasindikiza," nikanyamaza hadi mwisho. VJ anayejaza kila nafasi kwa maneno ni mwoga.

Mzee akasema, "Kumbe na hao wana matanga." Halafu, baada ya kimya kirefu: "Kwa hiyo wale tunaowapiga njiani ni watu waliokosa kuzikwa?"

Mimi nilikuwa nimeshapigana mapambano mia hivi na sikuwahi kuliwaza hilo. Gemu inakuambia waziwazi, ila mikono ikishika pedi masikio hufunga. Kuanzia usiku ule kila adui akianguka Mzee alikuwa anasema "pole", kwa sauti ndogo, kama anampisha mtu mlangoni. Nami sikuweza tena kukimbilia mapambano kwa ajili ya pointi tu. Kwa hiyo ukifika Kilika zima simu, na kama wali uko jikoni uive kwanza.

Mapigano

Ni ya zamu, hayataki vidole vyepesi. Pembeni ya kioo kuna orodha ya nani anafuata, isome kabla ya kubonyeza. Watu wako ni saba lakini wanasimama watatu, na unaweza kumbadilisha mtu zamu yake ikifika bila kupoteza kitu. Anayeruka ni wa Wakka na mpira wake. Mnyama wa mbio ni wa Wafula. Mwenye gamba ni wa Auron. Lile tope linalotembea, ambalo upanga unalipita kama uji, ni la Lulu: moto kwa barafu, radi kwa maji, na kinyume chake. Mashine mpe Rikku, yule msichana wa Al Bhed, anaichomoa kipuri inazima.

Aliyefanya hata kitu kimoja kwenye pambano anapata pointi, wa benchi hapati. Basi kila mtu aguse mpira kidogo, hasa Yuna, ambaye wengi wanamwacha nje halafu mbele wanamlaumu.

Dawa zitumie. Mimi ni mtu wa mivumba, najua kuficha mzigo mzuri nikisubiri mteja mzuri, na nilikufa mara nyingi na dawa tele mfukoni. Na mbele sana, kwenye magofu, kuna mwanamke atakayewapa watu wako ugonjwa wa uzombi. Usiwatibu wote. Atakuja na pigo linaloua kila asiye zombi, na mazungumzo marefu ya kabla yake utayasikiliza tena tangu mwanzo. Mimi nimeyasikiliza mara nne, hadi Mzee akawa anayasema kabla yangu.

Mpira wa majini kule Luca, timu ya Wakka ikifungwa hadithi inaendelea vilevile, usivunje pedi. Kwenye uwanda wa radi kuna zawadi ya kukwepa radi 200 mfululizo bila kupigwa hata moja. Acha. Usiku tuliofika pale mvua ya kweli ilikuwa inaanza Busia, radi nje, radi kwenye kioo, na Mzee akatoa amri kwa sauti ya gwaride: "Chomoa!" Nikachomoa. Na wewe mvua ya hivyo ikija chomoa, usingoje tufe.

Daftari

Tulikuwa tunacheza Jumatano na Jumapili jioni, kwa muda wa saa mbili kila mara. Katikati mtu anasahau. Nikanunua daftari la shule la kurasa 96, kila tukizima naandika mistari miwili mitatu: tuko wapi, nani kakasirika na nani, tunakwenda kufanya nini. Ukurasa wa kushoto ni wa maswali ya Mzee. Mengi nilijibu siku hiyohiyo. Mengine, kama "Huyo baba yake Wafula alikuwa mlevi tangu lini?", niliyaacha wazi kwa makusudi, kwa sababu gemu itayajibu yenyewe na inajibu vizuri kuliko mimi.

Nawe utajaribiwa kutafuta mwisho kwenye intaneti. Usitafute. Nilimkamata mpwa wangu anataka kumwambia Mzee kwa nini waitaji wote wanaaga kwao kama hawarudi, nikampa elfu moja akanunue kikomando, chapati na maharage, anyamaze.

Sasa tuko kwenye Dragon Quest VIII, hadithi ya Yuji Horii, michoro ya Akira Toriyama yule wa Dragon Ball. Mfalme amerogwa akawa kijitu cha kijani, na binti yake akawa farasi anayevuta mkokoteni. Shida yangu mpya ni kwamba shujaa wa humu hatamki neno. Watu wanamuuliza, anawatazama tu. Mzee siku ya kwanza: "Huyu ni bubu?" Nikamwambia hapana, nafasi yake ya kusema imeachiwa wewe. Akafikiri. Tangu hapo shujaa akiulizwa kitu, jibu linatoka kwenye kiti cha kamba nyuma yangu, mimi nangoja limalizike ndipo nibonyeze.

Jumapili mfalme alikuwa analalamika tena juu ya safari yake ngumu. Mzee akamwacha amalize, akakohoa, akasema: "Mheshimiwa, kwanza mfungue huyo binti kwenye mkokoteni, ndipo tuongee."